Kiota Kinachotazamwa: Historia ya Kuwachunguza Kondori wa California

Kondori wa California ni ndege mla mizoga wa jamii ya tumbusi wa bara la Amerika. Hakuna ndege wa nchi kavu katika Amerika ya Kaskazini mwenye mabawa mapana kumzidi: yakikunjuliwa hukaribia mita 3 toka ncha hadi ncha. Kwa sura na mwenendo anashabihiana na tumbusi wa Serengeti na Maasai Mara. Kichwa chake ni kipara, mdomo wake umeumbwa kwa kupasua ngozi ya mnyama aliyekufa, na huweza kuelea angani muda mrefu bila kupiga mabawa. Hata hivyo, wataalamu huwaweka ndege hao katika familia mbili tofauti, kwa kuwa kilichowafananisha ni aina ya maisha, si ukoo.

Jambo linalomtofautisha kondori na ndege wengi ni uchache wa uzao wake. Dume na jike huanza kuzaliana wakiwa na umri wa miaka 6 hadi 8. Jike hutaga yai moja tu, na mara nyingi jozi hulea kinda mmoja katika kila miaka miwili. Kiota chenyewe hakijengwi. Yai huwekwa juu ya mchanga au changarawe ndani ya pango la genge, au katika uwazi wa mti mkubwa wa redwudi. Wazazi huliatamia kwa zamu kwa muda wa siku 57 hivi. Kinda akishaanguliwa hukaa kiotani takriban miezi 6 kabla ya kuruka, na baada ya hapo huendelea kuwategemea wazazi kwa miezi mingine mingi. Kwa hiyo kila yai lina uzito wake katika hesabu ya jamii nzima, na yeyote aliyetaka kujua hali ya kondori ilimlazimu aende kwenye viota. Namna watu walivyovikaribia viota hivyo imebadilika sana tangu karne ya 19.

Enzi ya wakusanyaji

Kabla ya wageni kutoka Ulaya kufika, kondori walikuwa wakiheshimiwa na wenyeji wa pwani ya magharibi, wakiwamo Wachumash wa kusini mwa California na Wayurok wa kaskazini. Manyoya ya ndege hao yalitumika katika ngoma na ibada. Msafara wa Lewis na Clark uliwaona ndege hao karibu na Mto Columbia mnamo 1805 na 1806, mbali sana kaskazini mwa mahali walipobakia baadaye.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 idadi yao ilipungua upesi. Walipigwa risasi, na wengine waliuawa na sumu iliyotegwa kwenye mizoga kwa ajili ya wanyama wakali. Kadiri walivyoadimika ndivyo bei ya mayai na ngozi zao ilivyopanda. Majumba ya makumbusho na watu binafsi waliokuwa na desturi ya kukusanya mayai ya ndege waliwalipa vizuri vijana waliojua kupanda majabali. Wakati huo anayefika kwenye kiota cha kondori alikuwa amefuata yai. Aliliondoa, akalitoboa, akamwaga kilichomo, akabaki na ganda la kuweka kabatini. Jozi iliyoporwa hivyo ilikuwa imepoteza matunda ya mwaka mzima, pengine ya miaka miwili.

Kamera ya kwanza, 1906

Mwaka 1906 wapiga picha wawili kutoka Oregon, William L. Finley na Herman T. Bohlman, walikwenda kwenye kiota kilichokuwa katika Eaton Canyon, karibu na mji wa Pasadena. Mwezi Machi walilikuta yai, na walirudi tena na tena kwa miezi kadhaa kupiga picha: yai, kinda mchanga mwenye malaika meupe, wazazi wakimlisha, kisha kinda aliyekwisha kukua. Vifaa vyao vilikuwa kamera nzito zilizotumia sahani za kioo, na vyote vilibebwa mgongoni juu ya mawe. Wazazi waliwazoea hata wakawaruhusu kusogea karibu kabisa.

Picha hizo zilichapishwa na kuwaonyesha wasomaji, kwa mara ya kwanza, maisha ya kondori kiotani hatua kwa hatua. Pamoja na hayo, desturi ya enzi yao haikuwaacha. Finley alimchukua yule kinda, akampa jina la General, akakaa naye nyumbani kwake Oregon, kisha ndege huyo akapelekwa kwenye bustani ya wanyama ya New York. Kiota hicho kiliwapa watu maarifa, lakini hakikuongeza ndege hata mmoja porini.

Daftari na darubini

Uchunguzi wa kisayansi wa muda mrefu ulianza mwaka 1939, wakati Carl Koford, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, alipopewa kazi hiyo kwa msaada wa Shirika la Kitaifa la Audubon. Koford alikaa milimani kwa majuma mfululizo, akiwatazama ndege kwa darubini na kuandika kila alichokiona: saa ya mzazi kurejea kiotani, muda wa kumlisha kinda, mwelekeo wa upepo. Kazi yake ilikatizwa na Vita vya Pili vya Dunia, ikaendelea vita vilipokwisha, na matokeo yake yakatoka katika kitabu mwaka 1953. Alikadiria kwamba kondori waliobaki walikuwa 60 hivi.

Kutokana na aliyoyaona, Koford alishikilia kwamba ndege hao hawapendi bughudha, na kwamba dawa yao ni kuachwa peke yao. Mwaka 1947 eneo la Sespe katika msitu wa taifa wa Los Padres lilitengwa kuwa hifadhi ya kondori, na watu wakazuiwa kuingia sehemu zenye viota. Kwa zaidi ya miaka 30 msimamo huo ndio uliotawala. Ila idadi iliendelea kushuka, kwa kuwa vifo vingi vilitokea mbali na viota, mahali ndege walipokula. Kuulinda mlango wa pango hakukumsaidia mzazi aliyekufa umbali wa kilomita 80 kutoka hapo.

Mgogoro wa miaka ya 1980

Mnamo 1980 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani na Audubon zilianzisha mpango mpya uliowaruhusu wataalamu kuwashika ndege, kuwafunga visambaza mawimbi na hatimaye kuwazalisha kizuizini. Wapinzani wake, akiwamo mwanamazingira maarufu David Brower, walisema ni afadhali kondori atoweke akiwa huru kuliko kuishi kama kuku wa kufugwa. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo wataalamu walimfikia kinda mmoja pangoni ili wampime urefu na uzito. Kinda huyo alifia mikononi mwao. Vibali vilisimamishwa, na mpango mzima ukakaribia kuvunjika.

Kilichobaki mikononi mwa wachunguzi ni kutazama kwa mbali. Chini ya wataalamu Noel Snyder na John Ogden, vibanda vya kujifichia viliwekwa ng'ambo ya mabonde, na watu wakakaa humo tangu alfajiri hadi jioni wakiwa na darubini kubwa. Uvumilivu huo ulizaa matunda mwaka 1982. Jozi moja ilionekana ikigombana mlangoni pa pango, kila mmoja akitaka kuatamia yeye, na mwenzake akikataa kumpisha. Katika purukushani hiyo yai lilibingirika likaanguka gengeni. Majuma machache baadaye jozi ileile ilitaga yai lingine katika pango jingine. Ugomvi uliendelea hata huko, na yai la pili nalo likaishia kwa kunguru.

Kwa jozi hiyo mwaka ulikuwa umepotea. Kwa wachunguzi, lilikuwa jambo kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona: kondori akipoteza yai mapema katika msimu, anaweza kutaga jingine. Maana yake ni kwamba yai la kwanza lingeweza kuchukuliwa na kuanguliwa kwenye mashine, huku wazazi wakitaga lao la kulea. Kuanzia 1983 mayai yalichukuliwa porini kwa utaratibu huo, na tarehe 30 Machi mwaka huo kinda wa kwanza akaanguliwa katika bustani ya wanyama ya San Diego. Alipewa jina la Sisquoc. Walezi wake walimlisha kwa kikaragosi cha mkononi chenye sura ya kichwa cha kondori, ili asije akawazoea binadamu.

Hali ya porini haikungoja. Katika majira ya baridi ya 1984 na 1985 ndege 6 walitoweka, na jozi zilizokuwa zikizaa zikavunjika karibu zote. Ikaamuliwa kwamba waliosalia wote wakamatwe. Wa mwisho, dume aliyejulikana kwa alama ya AC-9, alinaswa tarehe 19 Aprili 1987. Siku hiyo kondori wote duniani walikuwa 27, na hakuna hata mmoja aliyekuwa huru.

Kuanzia hapo kutazama kulihamia kwenye mabanda ya San Diego na Los Angeles. Watunzaji walifuatilia jozi kupitia kamera zilizounganishwa na runinga za ofisini, bila ndege kumwona mtu. Mwaka 1988 akaanguliwa Molloko, kinda wa kwanza kutokana na wazazi waliopandana kizuizini.

Kurudi porini na walinzi wa viota

Ndege wa kwanza waliozaliwa kizuizini waliachiliwa California mnamo Januari 1992. Baadaye vituo vingine vikafunguliwa Arizona mwaka 1996, Big Sur mwaka 1997 na Baja California nchini Mexico mwaka 2002. Mwaka huohuo wa 2002 AC-9 naye akarudishwa kwenye milima aliyokamatiwa.

Mayai yalianza kuonekana tena porini mwaka 2001, lakini furaha hiyo haikudumu. Kusini mwa California makinda wengi wa miaka ya mwanzo walikufa kabla ya kuruka. Walipopasuliwa, matumboni mwao mlikutwa vizibo vya chupa, vigae vya kioo, vipande vya waya na skrubu. Wazazi waliviokota kandokando ya barabara na visima vya mafuta wakawapelekea wana wao, pengine wakidhani ni vipande vya mifupa au magamba ya konokono, ambavyo kinda huvihitaji kwa madini yake.

Mwaka 2007 Idara ya Samaki na Wanyamapori pamoja na bustani ya wanyama ya Santa Barbara zilianzisha mpango wa kulinda viota. Watazamaji walipangiwa viota vya kufuatilia, na takriban kila mwezi mtaalamu aliteremka kwa kamba hadi pangoni. Kazi yake ilikuwa na hatua zinazojulikana. Kwanza alisubiri wazazi waondoke. Akishaingia alimshika kinda, akampima uzito, akampapasa tumbo kusikia kama kuna vitu vigumu, akamtoa damu kidogo ya kupima madini ya risasi, na akamchanja dhidi ya virusi vya West Nile. Kisha alichekecha mchanga wa kiotani kwa chujio na kuondoa takataka zote. Kinda aliyeonekana amemeza vingi alipelekwa kufanyiwa upasuaji, na akipona alirudishwa kwa wazazi wake. Kondori hawamkatai kinda aliyeguswa na mtu.

Hapo ndipo kamera ndogo zilipoanza kufungwa kwenye viota vyenyewe. Zilihifadhi picha zilizokusanywa baadaye, na hivyo zikapunguza saa za kukaa kibandani. Zilionyesha pia mambo yasiyoonekana kutoka ng'ambo ya bonde, kwa mfano mzazi akitapika kipande cha plastiki mbele ya kinda.

Picha za moja kwa moja

Kamera ya kwanza kuonyesha kitu mfululizo kupitia kompyuta ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mwaka 1991 watafiti waliielekeza kwenye birika la kahawa ili wajue kama kuna iliyobaki bila kuinuka vitini, na mwaka 1993 picha zake zikawekwa kwenye intaneti. Teknolojia hiyo haikukawia kufika kwa wanyama: mwaka 1998 tovuti ya Africam ya Afrika Kusini ilikuwa ikionyesha wanyama wakija kunywa maji. Viota vya tai na kozi vikafuata, na kufikia 2011 kiota cha tai cha Decorah, Iowa, kilikuwa na mamilioni ya watazamaji.

Kwa kondori jambo hili lilichelewa kwa sababu za kimazingira. Mapango yao yako mbali na umeme na barabara, na mengi hayafikiki ila kwa kamba. Mwaka 2015 Maabara ya Ornitholojia ya Chuo Kikuu cha Cornell, ikishirikiana na wasimamizi wa mpango wa viota, ilianza kurusha picha za moja kwa moja kutoka kusini mwa California, katika eneo la hifadhi ya Hopper Mountain. Hifadhi hiyo imefungwa kwa umma, kwa hiyo kwa mtu wa kawaida kamera ndiyo njia pekee ya kuona kinachotendeka humo. Huko Big Sur, Shirika la Ventana Wildlife Society nalo liliweka kamera zake.

Mfumo wenyewe ni rahisi kueleza ingawa kuufunga ni kazi ngumu. Kamera hubanwa kwenye ukuta wa pango au kwenye gome la mti, na kinasasauti huwekwa kando yake. Umeme hutoka kwenye paneli za sola na betri. Picha husafirishwa kwa mawimbi ya redio kutoka kilima hadi kilima, mpaka zifike mahali penye intaneti. Usiku kamera hutumia mwanga wa infraredi. Ukungu mzito unaofunika paneli kwa siku kadhaa unatosha kuyazima matangazo.

Mtazamaji aliyezoea filamu za wanyama hushangazwa kwanza na utulivu. Kinda hupitisha sehemu kubwa ya siku akiwa peke yake. Husinzia, huchokoa mchanga, hurusha unyoya hewani na kuudaka, hukunjua mabawa ambayo bado hayana nguvu. Mzazi akitua mlangoni mambo hubadilika ghafla. Kinda humkimbilia akipiga mabawa na kujigonga kifuani mwake, kisha hutumbukiza kichwa ndani ya koo la mzazi na kula nyama inayocheuliwa. Shughuli yote inaweza kumalizika kwa dakika chache, na mzazi akaondoka asirudi hadi kesho yake.

Kila ndege ana kibati chenye namba kwenye bawa, hivyo watazamaji hupata kumtambua nani ni baba na nani ni mama. Wengine huandika muda wa kila ziara, na kumbukumbu za aina hiyo zinaweza kuwasaidia wataalamu kugundua mapema kwamba mzazi mmoja haji tena.

Moto wa Agosti 2020

Tukio lililoonyesha uwezo na mipaka ya kamera hizi lilitokea Big Sur. Moto uliopewa jina la Dolan uliwaka tarehe 18 Agosti 2020, na siku mbili baadaye ukafika kwenye eneo la Ventana Wildlife Society. Kamera ilikuwa ikitazama kiota kilichokuwa ndani ya mti wa redwudi, chenye kinda wa miezi minne hivi aliyeitwa Iniko. Wazazi wake walikuwa jike Redwood Queen na dume Kingpin, jozi iliyokuwa mwaka 2006 imetaga ndani ya redwudi na kuwa ya kwanza kuzaa katika eneo hilo baada ya zaidi ya miaka 100.

Watu wa nchi mbalimbali waliona mwanga wa moto ukisogea gizani na kinda akijikunyata, kisha picha ikakatika. Hakuna ambacho mtazamaji angeweza kufanya. Wafanyakazi walipoweza kufika baada ya siku kadhaa walimkuta Iniko hai kwenye mti ulioungua. Kingpin hakuonekana tena. Kwa jumla kondori 12 walipotea kwa sababu ya moto huo. Dume mwingine alipoanza kujiingiza katika eneo la Redwood Queen, Iniko alidondoka kutoka kiotani, akaokolewa na kupelekwa kutibiwa Los Angeles, na baadaye akarudishwa porini.

Matokeo

Mwaka 2022 Wayurok waliwaachilia kondori katika ardhi ya mababu zao kaskazini mwa California, ambako ndege hao hawakuwa wameonekana kwa zaidi ya karne moja, na wao pia waliweka kamera ya moja kwa moja kwenye kituo chao. Kufikia wakati huo kondori wote, wa porini na wa kizuizini, walikuwa wamepita 500.

Kwenye viota, basi, kazi imefaulu. Takataka huondolewa, makinda huchanjwa, jozi hufuatiliwa, na mtu huingia pangoni pale tu inapobidi. Muuaji mkubwa wa kondori waliokomaa yuko kwingine: ni madini ya risasi yanayobaki katika mizoga ya wanyama waliopigwa bunduki. Ndege akimeza kipande kidogo tu, mmeng'enyo wake hukwama na hufa polepole kwa njaa. California ilianza kuzuia risasi za madini hayo katika makazi ya kondori mwaka 2008, na tangu Julai 2019 imezipiga marufuku katika uwindaji wote. Tumbusi wa Afrika Mashariki nao huuawa mezani pao, kwa viuatilifu vinavyopakwa kwenye mizoga ili kuwaua simba na fisi. Kamera ya kiotani huwaonyesha watu ndege anayestahili kulindwa, na wawindaji kadhaa wamekubali kutumia risasi za shaba. Hata hivyo, usalama wa kinda anayetazamwa na maelfu unategemea kile alichokula mzazi wake asubuhi hiyo, mahali ambapo hakuna kamera.